Karavia: nyumba ya matofali iliyotoka ndani ya kichuguu

Mvua za mwisho zinapokatika, mwezi wa nne kuelekea wa tano, Karavia inabadilika rangi. Majani yanakauka, vumbi jekundu linapanda miguuni mwa watoto, na katika kila lupango lenye nafasi bado utaona watu wakichimba, wakikanyaga udongo na kupanga matofali mabichi juani. Mgeni akisikia jina la Karavia anafikiria kwanza ile hoteli kubwa ya miaka ya 1970, ambayo siku hizi inaitwa Pullman Grand Karavia, pamoja na ziwa na uwanja wa golf ulio jirani. Ni haki yake, maana ndiyo inayoonekana kwenye picha. Lakini wakaaji wengi wa Lubumbashi hawajalala hata usiku mmoja hotelini humo. Wanalala katika nyumba ndogo ya matofali mekundu yenye paa la mabati, vyumba viwili au vitatu, sebule ambayo usiku inageuka chumba cha watoto, na jiko la makala nje.

Nyumba hiyo imezoeleka mno hata hakuna anayeiangalia. Mtu akitaka kuonyesha urithi wa mji anakupeleka kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa 1920, au anakuonyesha bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na lundo jeusi la taka za madini lililo pembeni yake. Kanisa hilo limejengwa kwa matofali. Nyumba ya jirani yako nayo ni ya matofali, na udongo wake una umri ambao kanisa haliwezi kuufikia.

Tuanze na udongo huo. Anayetoka Lubumbashi kwa barabara ya Kipushi, ya Likasi au ya Kasumbalesa anaona vichuguu vikubwa vimesimama porini kama vilima vidogo, vingine vikiwa vimeota miti juu. Ni kazi ya mchwa wa aina ambayo wataalamu wanaiita Macrotermes falciger. Mchwa hao wanapandisha kutoka chini chembe laini za udongo wa mfinyanzi, wanazishika kwa mate yao, mwaka baada ya mwaka, mpaka kichuguu kinapita urefu wa nyumba. Ndiyo maana udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayokizunguka, na ukiumwagia maji unashikana vizuri. Mwanamke mwenye shamba anaujua kwa sababu mahindi yanastawi pale ulipomwagwa. Watoto wanakijua kichuguu kwa sababu ya inswa, wale kumbikumbi wanaotoka mvua za kwanza zinaponyesha, wanaokaangwa na kuliwa na bukari. Mfyatua matofali naye anaujua kwa sababu tofali lake halipasuki.

Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya kupima umri wa vichuguu vya msitu wa miombo karibu na Lubumbashi kwa njia ya kaboni. Kimoja kilikuwa kimepita miaka 2,000. Kingine walichopima kilikuwa na zaidi ya miaka 600. Maana yake ni kwamba fundi anayechimba kichuguu leo ili ajenge vyumba viwili na sebule huenda anavunja kitu kilichokuwa kimesimama kabla Msiri hajafika kutawala Bunkeya, kabla Mreno yeyote hajaiona pwani ya Kongo. Anakimaliza kwa majuma machache.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu hadi uwe laini, unabanwa ndani ya kibao cha mbao, unaanikwa na kufunikwa majani ili jua lisiukaushe kwa haraka na kuupasua. Matofali yakikauka yanapangwa kuwa tanuru, na chini yanaachwa matundu ya kuingiza kuni. Nje ya tanuru inapakwa matope. Moto unawaka siku kadhaa usiku na mchana, na kuna mtu wa kulala hapo kuulinda, kwa sababu moto ukizimika katikati kazi yote imepotea. Tanuru likishapoa, matofali ya katikati yanatoka mekundu na magumu. Yale ya pembeni yanatoka yameiva nusu, na hayo ndiyo anayopewa mnunuzi asiyejua kuchagua.

Sasa tuje kwenye mji. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966, ilianzishwa 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa 1906, na shaba ya kwanza ilimiminwa katika kiwanda cha mto Lubumbashi mwaka 1911. Mji ulihitaji mikono. Kulikuwa na shirika maalumu la kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, na watu waliletwa kutoka vijiji vya mbali, wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutoka Kasai, Rwanda na Burundi.

Watu hao hawakulala katika nyumba za matofali. Walilala katika vibanda vya miti, matope na majani, wakiwa wamebanana, na walikufa wengi: nimonia, kuhara, homa ya matumbo, kisha mafua makubwa ya 1918. Kampuni ilikuwa ikilipa kuwaleta na ikiwapoteza kabla hawajaizalishia. Mwaka 1923 madaktari wake wawili, A. Pearson na R. Mouchet, walichapisha kitabu kizima juu ya usafi wa kambi za wafanyakazi Waafrika. Humo nyumba ni jambo la tiba kama ilivyo dawa: hewa ipite, sakafu ikauke, watu wasibanane, choo kikae mbali. Basi nyumba ya matofali ya mfanyakazi wa Katanga ilianza hivyo, kwa hesabu ya vifo. Asitokee mtu akasema ilikuwa zawadi.

Mji wa Wazungu wakati huo ulikuwa umejitenga. Kati ya mitaa yao na ile ya Waafrika paliachwa ukanda mtupu wa mita 500 hivi, kwa kisingizio kwamba mbu hawezi kuruka umbali huo. Mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, uliwekwa ng'ambo ya ukanda huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kenya ilifuata, kisha Katuba na Ruashi katika miaka ya 1950. Lakini wafanyakazi wa Union Minière walikuwa na mahali pao mbali na mitaa hiyo, kambi ya kampuni karibu na kiwanda. Watu waliiita komponi, na neno hilo halijatoka midomoni hadi leo.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mpango wake. Badala ya kuleta vijana kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwapa mikataba ya miaka mitatu na ikawataka waje na wake zao. Hapo ndipo nyumba ya matofali ilipoenea. Posho ilitolewa kwa mume, kwa mke na kwa mtoto. Kulikuwa na zahanati, shule ya wamisionari, bomba la maji la pamoja, na wakaguzi wa usafi walioingia lupango kuangalia kama limefagiwa. Juu ya wote alikuwapo mkuu wa kambi, mzungu, ambaye watu walimwita Changachanga kwa jinsi alivyowachanganya watu wa makabila yote mahali pamoja. Mluba alipakana na Mbemba, Mbemba na Mnyarwanda, Mnyarwanda na Mtetela, na ukuta uliowatenga ulikuwa mwembamba kiasi cha kusikilizana. Watoto wao walicheza pamoja uani. Kiswahili cha Lubumbashi, hiki ambacho Watanzania wanakicheka, kilikomaa katika nyua hizo kuliko darasani.

Kulikuwa na sharti moja ambalo kila familia ililijua. Nyumba ilikuwa ya kazi. Baba akifukuzwa, nyumba inarudi. Akifa, mjane anapewa muda wa kukusanya vyombo vyake. Akistaafu, anarudi kijijini ambako watoto wake hawajawahi kufika. Wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu walirudishwa makwao, na nyumba ambazo wake zao walikuwa wamezipaka chokaa zikabaki wazi. Wanaume waliobaki walijifunza kunyamaza, kwa sababu mwenye nyumba na mwajiri walikuwa mtu mmoja.

Kimya hicho kilivunjika mwezi wa kumi na mbili 1941. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, shaba ya Katanga ilikuwa ikitafutwa na majeshi ya Uingereza na washirika wake, na mishahara ilibaki chini. Wafanyakazi Waafrika waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale, pamoja na makumi ya wengine. Uwanja ulikuwa umezungukwa na nyumba. Wanawake waliosikia milio ya bunduki walikuwa jikoni, hatua chache kutoka pale waume zao walipoanguka, na kwa sharti lile la kazi wengi wao hawakuwa tena na haki ya kubaki ndani ya nyumba hizo.

Baada ya vita nyumba zilipanuka. Chumba kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, jiko likajengwa kwa matofali nalo. Katika mitaa isiyo ya kampuni, hasa Katuba, utawala ulianza kuwakopesha watu vifaa ili wajijengee wenyewe; mpango huo unahusishwa na Ferdinand Grévisse, ofisa wa Kibelgiji aliyeandika pia kitabu juu ya mitaa ya Waafrika ya Élisabethville. Tofauti inaonekana hadi leo kwa anayeangalia vizuri. Nyumba za komponi zimefanana na kusimama kwa mistari kama wanajeshi. Za Katuba kila moja ina tabia yake: huyu aliongeza baraza, yule alizungushia dirisha nakshi za saruji, mwingine aliandika mwaka juu ya mlango. Mtu akiwa na ukuta wake mwenyewe anaanza kuuchezea.

Ndani pia kulikuwa na mambo. Katika miaka ya 1960 na 1970 sebule ya mfanyakazi wa Lubumbashi haikukamilika bila picha iliyochorwa kwenye gunia la unga lililopakwa rangi. Wachoraji walizitembeza nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri kwa sharti zake, na kulikuwa na zile za Colonie belge, ambapo mfungwa anachapwa viboko mbele ya mzungu. Watu waliziita ukumbusho. Mchoraji anayejulikana zaidi ulimwenguni kati yao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi kwa mtindo huo kabla hajapotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo picha zake zimo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Zilichorwa ili zitundikwe juu ya kochi, kwenye msumari uliopigiliwa kati ya tofali na tofali.

Union Minière ilitaifishwa kwa kuingia mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines, lakini sharti la nyumba halikubadilika. Kampuni ilibaki kuwa baba. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalomaanisha watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na kila familia ya komponi ilielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa kama 30,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka 1990, mji uliporwa 1991, na mwaka uliofuata yalianza mateso ya watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi na kulala vituoni wakingoja treni, huku nyumba zao zikiingiwa na wengine. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya nyumba hizi, ingawa halipendwi kusimuliwa.

Kati ya 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, wakati mishahara ilikuwa haijalipwa miezi na miezi? Fedha walizopewa ziliisha kwa karo, matibabu na biashara ndogo zisizodumu. Kilichobaki mikononi mwa waliobahatika ni nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu babu alipoingia komponi, ukuta ulikuwa wa familia. Chumba cha mbele kikageuzwa duka la sukari na mishumaa. Chumba cha nyuma kikapangishwa kwa mwanafunzi. Uani pakapandwa lengalenga na matembele. Mzee aliyetumikia tanuru la shaba miaka thelathini akawa anaishi kwa kodi ya chumba kimoja.

Ndiyo maana suala la karatasi linawaumiza watu usingizi. Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuitumia; hati inayomlinda kweli ni ile ya usajili, certificat d'enregistrement. Familia nyingi hazina hiyo. Zina kitabu cha zamani cha mwenye lupango, barua ya kampuni, risiti zilizofifia, au neno la marehemu baba. Baba akifa, wajomba wanafika. Anayetaka kununua anakuja na dola, kijana mmoja kati ya ndugu saba anasaini, na juma linalofuata ukuta wa matofali unaangushwa ili pajengwe ghorofa ya bloki za saruji na geti la chuma. Hadithi hii inasikika Karavia, Katuba na Kamalondo kwa majina tofauti.

Si kila anayebomoa ana kosa. Nyumba ya zamani inavuja, mabati yake yamekula kutu, nyaya zake za umeme ni za kutisha, na familia imeongezeka kutoka watu watano hadi kumi na tano. Tofali la kichuguu lenyewe limekuwa ghali na gumu kupatikana. Ndani ya mji vichuguu vimekwisha; vilipokuwa pamebaki mashimo yanayojaa maji kila masika na kuzaa mbu. Kuni za matanuru, pamoja na makala ya kupikia, zimeusukuma msitu wa miombo mbali kiasi kwamba wakata miti wanasafiri kilomita nyingi kwa baiskeli. Anayesema turudi wote kwenye matofali ya kuchoma hajauliza kuni zitatoka wapi.

Lakini kati ya kutorudi nyuma na kuangusha bila kuhesabu kuna nafasi. Mahali pengine duniani watu walijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yao vilevile. Lamu walitumia mawe ya matumbawe, na tangu 2001 mji wao wa kale umo katika orodha ya UNESCO. Katika kijiji cha wavuvi cha Crovie, kaskazini mashariki mwa Uskoti, nyumba ndogo za mawe zimegeuza ubavu kuelekea bahari ili zipunguze upepo. Dhoruba ya 1953 iliwaondoa wengi, na leo nyingi za nyumba hizo ni za kupumzikia wageni. Zimehifadhiwa, ila wavuvi hawamo. Huko Karavia ni kinyume: watu wamo ndani, wamejaa, na kuta ndizo zinazokwenda.

Kongo ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu 1971. Sheria hiyo ikitajwa Lubumbashi, mazungumzo yanakwenda kwenye majengo makubwa ya Wabelgiji. Kwa nyumba ya mfanyakazi, kazi kubwa imefanywa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliokusanya masimulizi na vyombo vya nyumbani kwa mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, na wasanii wa picha kama Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu. Mji ulipotimiza miaka 100, mwaka 2010, kilitoka kitabu chenye maneno ya Kiswahili chetu katika jina lake: Ukumbusho wa mukini wa komponi. Nyumba zenyewe hazikuingia katika orodha yoyote ya kulindwa kwa ajili ya sherehe hizo.

Lile lundo jeusi la taka kando ya kiwanda, lililodharauliwa miaka mingi, limekuwa likichakatwa upya tangu miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti, shaba na zinki iliyobaki ndani yake. Walipima kila tani kabla ya kugusa. Huko Karavia, matofali ya nyumba iliyobomolewa yanauzwa kwa toroli, yakiwa bado na chokaa upande mmoja. Wanunuzi wanayapenda. Wanayagonga moja kwa moja kwa kidole wasikie yanavyolia, wanaacha yale yaliyoiva nusu, na yaliyobaki wanakwenda kujengea msingi.